Mutoto wangu banamwita Shinwa (Mchina), mi baliniitaka kilulu. Siye bametisi (machotara) kwetu ni wapi?

mbuzi_mweupe
Bandugu salamu. Mi ni wa hapa Lubumbashi, komini ya Katuba, na nitaandika Kiswahili yetu ya L'shi vile inatoka mu kinywa. Ba-Bongo na ba-Mombasa mutanivumilia, kama kuko neno hamusikie muulize nitafasiria.

Siku ya posho nilituma mutoto wangu wa kwanza, eko na myaka 9, anunue makala pa kona. Akarudia bila makala, bila makuta (hela), analia. Kumbe batoto ba avenyu ingine balimuzunguka, Shinwa! Shinwa! ni hao!, banamuvuta macho na vidole, makuta ikapotea palepale, na mama mwenye kuuzisha makala eko anacheka. Mutoto anafika ananiuliza, mama, mi ni Mushinwa? Nikamwambia hapana. Basi mi ni nini? Hapo nilibakia nageuza bukari (ugali) mu nyungu kama muntu hakusikia, juu jibu ya kweli haiingie mu neno moya.

Tangu Bashinwa balikuya na kazi za migodi, hapa mujini kila mutoto mwenye ngozi ya kungaa kidogo ni Shinwa. Batoto ba Bashinwa beko, sikatale, na nabo beko na shida yabo. Lakini wangu hana Mushinwa hata moya mu ukoo.

Iko hivi. Kambo yangu, mama ya mama, alikuwaka Mubemba wa kule Kasenga, pembeni ya Luapula. Zamani Kasenga ilikuwa na Bagreki, njo bao benye biashara ya samaki, bananunua kwa bavuvi, banapakiza mu kamyo na barafu, banaleta Elisabethville (njo Lubumbashi ya leo) kulisha bantu ba migodi. Mugreki moya alizaa na kambo. Mama yangu alizaliwa 1958, muzee akamupa jina Eleni. Mu makaratasi hakumuandikisha, lakini nyumbani alikuwa anakuya, anakula bukari na mukono, na Kibemba yake, kambo alisemaka, ilikuwa safi kupita ya batoto ba siku hizi. 1972 Mobutu akakataza majina ya kizungu, Eleni akakuwa Mwansa. Kisha 30 Novemba 1973 ikatangazwa maduka na mashamba ya bageni yaende kwa Bazairwa, ile biashara ya samaki ikapewa muntu mwenye hakuyua hata kupima barafu, na 1974 muzee akapanda ndege. Alisema anarudia. Mama alikuwa na myaka 16.

Mama akakuya kuolewa na baba yangu, Muluba wa Kasai, mufanyakazi wa mugodi kule Likasi. Mi nilizaliwa Likasi 1984. Benye kuyua historia ya Katanga bamesha kuona mwenye naelekea: mwaka 1992 nilikuwa na myaka 8.

Nitaendelea, umeme unakatika katika hapa na simu iko pa 6%.

Mpole wa Kigamboni
Dada pole sana aisee, na mtoto mpe pole. Huku kwetu chotara anaitwa chotara maisha yake yote lakini hakuna wa kumnyang'anya hela ya mkaa kwa sababu hiyo, au labda wapo sijui, mimi sio chotara. Swali: kilulu ndo nini? Na 1992 kulitokea nini huko? Mi najua ya Rwanda 94 na vita ya Kabila basi.

MwanaShaba_Kamili
Bametisi mulianza kulia lini? Hapa Lubumbashi metisi anaingia ku banki banamwita patron. Dada metisi anatafutwa na banaume bote ba mugini. Mukitembea mu Golf, kartye ya batajiri, hakuna mulinzi anawauliza munaenda wapi, siye beusi tunaulizwa. Leo mutoto ameitwa Shinwa na uzi muzima unafunguliwa. Na hii ya Bakasai tusiifungue tena, kila muntu anayua nani alikuwa anapatia ndugu yake kazi na nani alikuwa anabakia inje.

mbuzi_mweupe
Nimerudia. Umeme ulienda siku mbili.

Mpole, kilulu ni mududu, bilulu ni wadudu, bale ba kuharibisha mashamba. Njo jina Bakasai balipatiwa mu Katanga wakati ule. Mu mikutano banasema, mu nyimbo banaimba, na siye batoto tulikuwa tunaimba nabo mu njia ya masomo, hata mi niliimbaka, sikuyua kama wimbo ni wangu.

Kwa kifupi tu: tangu myaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya migodi, na reli balileta bantu ba Kasai kufanya kazi Katanga, na 1928 treni ilipofika mpaka Ilebo njia ikafunguka zaidi. Bantu bakazaa, bakajukuu. Agosti 1992 kule Kinshasa konferansi nasyonali (mukutano mukubwa wa inchi) ikachagua Tshisekedi muzee, Étienne, kuwa waziri wa kwanza, Mukasai, na mwenye alikuwa pa kiti, Nguz Karl-i-Bond, Mukatanga, akatoka. Bakubwa ba politike ba hapa bakageuza ile hasira kuwa kazi ya mikono. Ilianza Likasi, 1993 ikafika Kolwezi.

Kwetu ilikuwa mangaribi. Jirani, muntu mwenye mama alikuwa anamukopesha chumvi na mafuta, alipiga hodi, akavua kofia, akasema na heshima kabisa, Baba, muende mbele ya kesho, mi sitaki kuona. Mawe na moto nimesahau nusu. Ile kofia mu mukono sijaisahau.

Tulilala pa gare ya Likasi zaidi ya mwezi. Bantu maelfu, plastike yulu ya kichwa, choo hakuna, treni inakuya wakati inataka na ikikuya ni mabehewa ya kubebea mizigo. Batoto balikufa pale na kuhara, hatukuwa tunahesabu. Na kila siku muntu alikuwa anamufuata mama yangu, madame, we toka humu, we si wao, we ni wa Katanga. Na ilikuwa kweli. Kwa upande wa mama yake alikuwa wa hii inchi kupita bale vijana benye mapanga, bengine kati yabo hata Kibemba hawakusikia. Bangemwacha. Baba pia alimwambia abakie na batoto. Mama akamujibu, baba yangu alipanda ndege, we hautapanda treni peke yako. Akakaa.

Mi nilikuwa napanga foleni ya mayi na yaya yangu mwanaume (kaka mukubwa), yee alifuata baba, mweusi kama nyungu. Kijana moya akaangalia yaya, akaangalia mi, akauliza benzake, na huyu kilulu mweupe mumetoa wapi? Bakacheka kabisa, kicheko ya kawaida, ya muntu ameona kintu ya ajabu ku soko. MwanaShaba, sijibu habari ya kazi na nani alipatia nani kazi. Nilikuwa na myaka 8 na ndoo.

Tukafika Mwene-Ditu, kule Kasai. Bashangazi ba baba balitupokea na machozi, hiyo siwezi kukataa, balitulisha myaka na bao benyewe hawana. Lakini wiki haikuisha, kule sokoni nikawa mutoke, njo muzungu kwa Tshiluba, na pa nyumbani siye bote tukawa "ba Katanga", juu Tshiluba yetu ilikuwa inachechemea na tulikuwa tunaita bukari kintu mwenye bao banaita bidia. Kusema kweli shangazi moya alikuwa ananionyesha kwa bageni, muone mutoto wetu mweupe, anavua kitambaa yangu ya kichwa baone nywele. Kwa upendo. Nilichukia ule upendo kupita panga.

Papa wa Makomeno
Mwanangu, nimesoma yote na miwani miwili. Mi ni mutoto wa 1951, metisi wa Mubeleji, mama wa huku huku. Naandika polepole, mutukuu ananisaidia ku simu.

Munasema divizyo imeanza 1992. Hapana. Huu muji bazungu balianza kuujenga 1910 na kipimo mu mukono: huku muji wa bazungu na mabarabara ya miti, kule siti ya beusi, Kamalondo ya kwanza, na kati yabo balichora zoni netre, mahali muntu hana ruhusa kujenga. Sasa uniambie metisi alikuwa alale wapi. Kama baba alikuandikisha, ulikuwa karibu ya muzungu, una masomo, una kiatu. Kama hakukuandikisha, ulikuwa wa mama, lakini serikali haikuachia mama akulee kwa salama. Ilikuwa inakutafuta. Mu macho yabo mutoto mwenye damu ya kizungu mu mugini ni haya na ni hatari, kesho ataongoza beusi kuasi. Yaya yangu mwanamuke balimupeleka kwa masista akiwa mudogo. Mu karatasi yake baliandika baba hajulikane. Baba alikuwa anajulikana na avenyu nzima, alikuwa anapita pale na baiskeli.

Tarehe 2 Disemba 2024 nilikuwa nakunywa chai, redio ikasema tribinali ya rufani ya Bruxelles imehukumu serikali ya Ubelgiji juu ya bamama batano, bametisi ba Kongo, balizaliwa kati ya 1945 na 1950, balinyanganywa bamama yabo mbele ya kufikisha myaka 7, bakapelekwa ku misyo ya Katende kule Kasai. Mbele, 2021, tribinali ya kwanza ilikuwa imekatala. Safari hii ikasema ni kosa juu ya ubinadamu, ulikuwa mupango wa serikali, na kila mama alipwe euro 50,000. Waziri wa kwanza wabo wa wakati ule, Charles Michel, alikuwa ameomba musamaha Aprili 2019, mi ule musamaha niliusikiliza na sikio moya. Hii ya tribinali nilizima redio na nikatoka inje kusimama. Yaya alikuwa amesha kufa. Mpaka mwisho alikuwa anasema mama alimutupa. Nilimwambia mara ngapi, mama alikulilia mpaka macho yakaharibika, hakuamini, juu masista balimufundisha vingine na karatasi ilikuwa inasema vingine.

Kwa hiyo wewe mama Katuba, mutoto akikuuliza, usigeuze bukari. Mujibu, hata kama jibu ni refu.

mbuzi_mweupe
Papa, asante. Nimesomea mama yangu hii yote na sauti. Hakusema kintu, aliingia mu chumba, kisha akatoka akaniuliza kama huyo papa wa Makomeno amekula.

sha_wa_Ibanda
Mimi niko Bukavu, mutaniona natoka inje ya mada lakini ni mambo ileile. Baba yangu ni Mushi wa Walungu, mama ni Munyamulenge (Mututsi wa Kongo) wa kule yulu. Ninyi ngozi yenu inawasemea mbele hamujafungua kinywa, mimi ni pua. Bhana kuna siku natoka nyumbani naona pua yangu mu kioo cha motere ya mutu najiuliza leo iko pua ya nani. Kwa bashangazi ba baba mimi ni "wa bale". Kwa bajomba niko Mushi tu, banaacha kusema Kinyamulenge nikiingia, banarudilia Kiswahili, kwa heshima eti. Tangu Februari 2025 mji ulichukuliwa na waasi ba M23, hapo ndio imekuwa mbaya pande zote mbili, huyu anadhani ninawajua, yule anadhani nitawasema. Nimejifunza kunyamaza mu taksi. Siandiki zaidi hapa.

Musoshi_83
Iko baba mwenye ameandika habari ya karatasi "baba hajulikane", nimesikia mu tumbo. Mi ni wa Musoshi, karibu ya Kasumbalesa. Bajaponi balifungua mugodi pale myaka ya 1970, baliendesha mpaka 1983, kisha bakafunga mizigo. Banaume balikuya bila mabibi, bakaishi na badada ba pale, siye tukazaliwa. Baba yangu namuyua ku foto moya tu, amevaa kofia ya mugodi, anacheka, na nyuma mama aliandika jina yake vile alikuwa anaisikia, haina maana kwa Mujaponi yeyote, nimeshajaribu. Sasa mi na batoto ba Bashinwa ba leo hatutofautishwe hata kidogo. Eko mumoya kwetu pale anakuya kuniambia, yaya, baba yangu alisema anarudia mwaka kesho. Ninamwangalia tu. Nimwambie nini?

MwanaShaba, umesema bametisi banaitwa patron. Kuya Kasumbalesa uone patron mwenye anabeba magunia ya chumvi.

MwanaShaba_Kamili
Sawa, ya Musoshi sikuyua. Na Papa wa Makomeno namupa heshima yake. Lakini dada mbuzi mweupe hajanijibu, je, ni uongo kama rangi yenu inafungua milango?

mbuzi_mweupe
Si uongo. Nitakujibu vizuri juu umeuliza vizuri mara hii.

Tulirudia Lubumbashi 1999, mi na mama, baba alibakia kule na alikufa kule. Kazi yangu ya kwanza niliipata ku duka moya ya mugeni hapa mujini na sikuuliza kwa nini. Tulikuwa badada sita tuliomba, bengine balikuwa na diplome kunishinda. Patron aliniweka pa kesi (pa kupokelea makuta), mbele, mahali banaonekana, na bale bawili benye alichukua tena akabaweka nyuma mu depo. Nikawa nafurahi. Miezi ikapita, siku moya makuta ikapunguka mu kesi, na hapo nikasikia patron anasema ku telefone kwa lugha anazani sisikie, hawa ba katikati hauwezi kubaamini, hawana kwao. Badada ba depo nabo hawakunisemea, na walikuwa na haki, kwani nilikuwa nakula nabo siku gani? Makuta ilionekana jioni, mutoto wake njo alichukua. Hakuomba musamaha. Nikaendelea na kazi myaka miwili ingine juu kodi haingoje haya.

Kwa hiyo ndiyo, mulango unafunguka. Unaingia, unaona hakuna kiti.

Mpole wa Kigamboni
Dah. Sasa nimeelewa kwa nini ile habari ya Moïse Katumbi, yule mwanasiasa wa Katanga, ilikuwa kelele sana. Yeye si ni chotara wa huko huko?

Papa wa Makomeno
Ni wa huko huko, hata samaki ni ileile. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Muyahudi mwenye kutoka Rhodes, akafanya biashara ya samaki kule Kashobwe, ku Luapula, na mama ni wa damu ya ukoo wa mufalme Kazembe. Mu 2021 mbunge moya aliweka pa bunge mupango wa sheria wenye mwanasiasa Noël Tshiani alikuwa anaupigania, watu bakaita "sheria ya baba na mama": muntu asiwe rais kama baba na mama si Bakongomani bote bawili, hata moya akikuwa mugeni. Haikupita, na Katumbi alisimama mu uchaguzi wa 2023. Lakini ile neno ikabakia mu mitaa. Batoto wangu, batu ba myaka 40 na zaidi, bakaniuliza, baba, siye ni ba nusu? Na mi nilizaliwa hapa mbele ya uhuru!

mbuzi_mweupe
Ile neno nilikutana nayo mwanzo wa 2023, wakati wa kujiandikisha kwa karte ya elektere (kadi ya kupiga kura). Munayua ile karte iko na mustari wa "origine", banaandika sektere, teritware, provense, ya baba, hata kama baba yako aliondoka kule mbele hujazaliwa. Kijana wa mashini, muzuri tu, mupole, ananiuliza, mama, kwenu ni wapi? Nikasema Ngandajika, juu baba alikuwa wa Ngandajika. Akainua macho. Akaniangalia. Hapana mama, kwenu kabisa kabisa. Nyuma yangu foleni imefika mpaka inje, jua ya saa sita, bantu banaanza kupiga midomo. Nikasema andika Kasenga. Akasema Kasenga ni kwa mama ao kwa baba? Kwa mama. Haiwezekane, mashini inalomba kwa baba. Basi andika Ngandajika. Akacheka kidogo, akageukia mwenzake, eti huyu mama anasema ni Muluba. Mwenzake akasema muulize aseme Tshiluba. Na mi, bandugu, mi mwenye nililala pa gare juu ya hiyo Uluba, nikasimama pale mbele ya bantu nikasema moyo wenu, mule munatoka wapi, mama zenu hawajambo, Tshiluba ya shangazi yangu, na sauti inatetemeka kama mutoto pa ekzame. Bakapiga makofi. Bakaandika.

Niko na karte. Kila nikiitoa naona haya, sijue juu ya nini.

Musoshi_83
Mi baliandika origine ya mama, kijana alisema "tufanye kama baba ni wa hapa". Nilimununulia sukali.

Mpole wa Kigamboni
Naomba niulize la mwisho, tangu juzi linanisumbua. Hilo jina lako la humu, mbuzi mweupe, unajitukana mwenyewe au kuna kisa?

mbuzi_mweupe
Kiko kisa, na nilikuwa nangoja muntu aniulize.

Kambo wa Kasenga alikufa mwaka moya kiisha ile habari ya karte. Barabara ilitutesa kabisa, tulifika bufuku, kilio iko katikati, bamama banaimba. Mi sikuwa najulikana sana kule, nilifika mara tatu ao ine mu maisha. Niliogopa. Nikazani, hapa tena bataniuliza kwa baba.

Sasa kwa Babemba ukoo unapita kwa mama. Kambo alikuwa wa mukowa wa Bena Mbushi, ba mbuzi. Mama yangu ni mbuzi. Mi ni mbuzi. Batoto bangu ni ba mbuzi. Mugreki hahesabiwe, Muluba hahesabiwe, si kwa ubaya, tu njo vile hesabu inaenda. Niliyuaka hii mambo tangu utoto lakini niliyua kama muntu anayua jina ya mutu hajakutana naye.

Bena Mbushi beko na banungwe babo, ba kutaniana, Bena Ngo, ba chui, juu chui anakula mbuzi. Pa kilio munungwe njo anafanya kazi, anachimba, anabeba, na anatukana. Ni haki yake, hakuna wa kukasirika. Asubuhi ya kuzika, muzee moya wa chui, meno mawili, koti ya suti bila shati, akasimama katikati ya bafiwa anasema, leo tumekuya kuchukua nyama yetu, huyu bibi ametutoroka myaka mingi amekonda bure. Bantu banacheka na machozi. Anapita mustari, huyu mbuzi mafuta, huyu mbuzi kilema, huyu tumuachie anyonyeshe. Akafika pa mi.

Nikashika pumzi. Nilikuwa namusubiri muzungu, mutoke, Shinwa, kilulu, yoyote.

Akanigeuza bega kama wa sokoni, akapigia benzake kelele, he, Bena Ngo! mbuzi mweupe! hii ya sikukuu, musiichinje leo, tuifunge mpaka Noeli!

Kilio kizima kikaanguka na kicheko. Mi nikaanza kulia, nililia vibaya, na mama mudogo, ndugu ya mama yangu, akanifinya hapa ku mbavu na kucha: jibu! ukinyamaza unatuharibisha, jibu! Sikuwa na kitu ya kusema, ikatoka yenyewe: na we chui, ayo madoa yako, ulienda kuyaiba wapi? Muzee akaanguka chini kabisa, mu vumbi, na suti, akajifanya amekufa. Halafu akanyosha mukono akiwa palepale chini akalomba franka 1,000 ya kufufuka. Nilimupa 2,000.

Papa wa Makomeno
Uliibiwa. Kufufuka ni 500.

Mpole wa Kigamboni
Hahaha huo ni utani wa msibani kabisa! Mimi Mzaramo, mtani wangu Mnyamwezi alilala kaburini kwa baba yangu akagoma kutoka mpaka apewe hela. Sikujua kama na nyie mnao.

MwanaShaba_Kamili
Mi mama yangu ni wa Bena Ngo. Naandika tu hapa.

mbuzi_mweupe
NILIYUA. Tangu siku ya kwanza nilisema huyu anatukana kama chui. Basi nilikuwa nakuhesabia mubaya bure, kazi ulikuwa unafanya. Makuta haupati.

Mu vakansi ya Julai napeleka mutoto Kasenga. Mama anasema anakuya pia, hajafika tangu kilio, ameshaanza kufunga mizigo na tuko bado Mei. Yule muzee wa koti angali muzima, nimeulizia ku telefone. Nimeanza kumufundisha mutoto majibu, mpaka sasa ameshika moya, ile ya madoa, lakini anasema ni yangu, yee anataka yake.

Musoshi_83
Amuulize chui kama meno mawili inatosha kwa mbuzi muzima.

mbuzi_mweupe
Nimemusomea. Ameiandika mu kaye.